Nati Inayofunguka kwa Kulia

Jumatatu, tarehe 3

Lori la baba mkwe limeingia gereji likivutwa kwa kamba. Linachemka. Kila likipanda mlima linafuka mvuke kama birika. Nikapanda, nikainama, nikaigusa feni kwa kidole kimoja, ikazunguka kirahisi kama ya karatasi. Nikatangaza mbele ya watu wote: klachi ya feni imekufa. Hicho ni kidude cha mviringo kilicho katikati ya feni, kazi yake ni kuikamata feni izunguke kwa nguvu injini ikipata joto. Baba mkwe akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aende nyumbani akapumzike, lori liko mikononi mwa mwanawe.

Hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha Redio akatoka chini ya gari jingine. Tunamwita Redio kwa sababu akianza kusema hazimwi. Naye akaigusa feni, akasema nimesema kweli tupu, klachi imekwisha.

Shaka ikaniingia hapo hapo. Redio hajawahi kukubaliana nami hata juu ya mvua inaponyesha. Mtu hakusifu hadharani bure. Anataka nini?

Nakumbuka Bosi anakwenda kutibiwa macho Jumatatu ijayo, na mmoja wetu ataachiwa funguo za gereji. Jambo hilo Bosi aliniambia mimi peke yangu. Lakini Redio ana masikio ya sungura.

Jumanne, tarehe 4

Nimetoa kava la feni bila shida. Shida ni nati. Ni kubwa, imejificha nyuma ya feni, na ukiizungusha, puli, yaani gurudumu la mkanda lililo nyuma yake, nayo inazunguka. Mnazunguka wote kama wacheza ngoma, hakuna kinachofunguka.

Redio ana spana mbili za kazi hiyo. Moja pana na nyembamba kama sahani, ya kuingia nyuma ya feni. Ya pili ina meno mawili kama uma, ya kuibana puli isizunguke. Alizinunua kwa fundi mmoja aliyestaafu, na huzilaza ndani ya mkono wa shati kuukuu kama watoto wachanga.

Leo asubuhi nimezikuta juu ya sanduku langu la vifaa. Sikuziomba. Hakuna aliyeziomba.

Chambo. Ikivunjika moja, nimevunja mimi. Nikifaulu, zimefaulu spana. Nikazishika kwa kitambaa, nikazirudisha kwake. Akaniuliza kama sizihitaji. Nikamjibu kuwa fundi wa kweli hufungua nati kwa akili. Akacheka, akaenda zake akipiga mluzi. Niliusikiliza kwa makini ule mluzi. Si wimbo ninaoujua.

Nyumbani mke wangu akasema si ningezitumia tu, maana mwenye saruji amemwambia Baba kuwa lori lisipopakia Jumatatu atatafuta lori jingine. Nikamuuliza yeye amejuaje habari za spana. Akasema Redio alimwambia Baba. Kumbe wanazungumza. Ugali sikuumaliza.

Jumatano, tarehe 5

Nimejitengenezea spana yangu. Nilikwenda kwa mchomeleaji wa jirani, nikamwonyesha ukubwa wa nati kwa mikono. Akauliza kama sina kipimo. Nikamwambia mikono hii imefanya kazi miaka mingi.

Spana imetoka nene kama soli ya buti. Nafasi iliyo nyuma ya feni haipitishi hata nusu yake. Nikaipiga tupa mpaka jua likageuka. Haikuingia. Mchomeleaji anasema kosa ni langu. Nimefanya uchunguzi: huwa anakunywa chai benchi moja na Redio. Sisemi zaidi.

Jioni Redio akapita, akasimama, akasema kwa sauti mbele ya mafundi wengine, "Ndugu yangu, hata ukiipata spana, kumbuka nati ya lori hili inafunguka kwa kulia. Si kama nyingine."

Kwa kulia! Tangu mama yangu alipoanza kunituma kufungua bomba, vitu hufunguka kwa kushoto. Bomba, mtungi wa gesi, chupa ya dawa ya kikohozi, vyote kushoto. Nikamshukuru kwa upole mkubwa. Sasa mpango wake wote uko wazi: anataka niikaze kwa mikono yangu mwenyewe mpaka isifunguke kabisa, halafu aje yeye kuwa mkombozi. Kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa huko.

Nimelala vizuri. Adui akishajulikana, usingizi huja.

Alhamisi, tarehe 6

Redio alitumwa dukani kuchukua klachi mpya. Nikachukua spana zake. Sikuiba. Nimezitumia bila kumsumbua mwenyewe kwa maswali.

Lazima niandike ukweli: ziliingia kama ufunguo kwenye kitasa. Uma ukaibana puli. Spana pana ikaikumbatia nati. Nikazungusha kwa kushoto. Kimya. Nikachomeka bomba la chuma kwenye mpini kuongeza urefu, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Kitu kikalia kakaa. Nikafurahi sana, kisha nikagundua ni bega langu.

Nati haikusogea. Jibu ni moja tu: Redio ameitia gundi. Nikainusa. Inanuka oili. Hilo halithibitishi kitu, gundi si lazima inuke.

Nikazirudisha spana ndani ya mkono wa shati. Redio aliporudi akaitazama nati kidogo tu, akasema kama kuna mtu ameizungusha kushoto basi sasa imekaza zaidi, na itabidi mpini upigwe nyundo. Hakuuliza ni nani. Asiyeuliza anajua, na anayejua alikuwa anachungulia. Lakini alikuwa dukani. Basi amemweka mtu.

Mke wangu amenikanda bega kwa maji moto. Ameniuliza tena kwa nini nisimwombe yule bwana msaada. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akaniambia nguo zangu anazifua yeye, na hajaona kitu.

Ijumaa, tarehe 7

Siku mbaya. Naiandika kwa sababu lazima ukweli ubaki mahali.

Baba mkwe alikuja mapema, akageuza ndoo, akaikalia. Bosi naye akasimama mlangoni na miwani yake myeusi. Nilikuwa nimeamua: patasi na nyundo. Nitaipiga nati pembeni mpaka itii.

Nikakuta kipande cha boksi gumu kimepachikwa kati ya feni na rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini. Redio alikiweka jana jioni, kila mtu alimwona. Nikajiuliza, mtu anaweka boksi kwenye lori la mkwe wa mwenzake ili afiche nini? Nikalichomoa. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Maana yake alikuwa amekwisha kukiondoa.

Nikapiga pigo la kwanza. Zuri. La pili patasi ikateleza, ikaingia kwenye rejeta mpaka nusu.

Maji yakamwagika juu ya viatu vyangu. Baba mkwe akainuka kwenye ndoo, akaja, akayakinga maji kwa kiganja kama mtu anayepima mvua. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, lori hili limewasomesha watoto wangu wote. Na mkeo yumo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kumweleza habari za boksi, lakini Bosi alikuwa amekwisha kumwita Redio.

Redio hakucheka. Angecheka ningepata nafuu. Akainua zile spana, akaniwekea uma mkononi, akasema, "Shika hapa, ndugu yangu. Usiachie hata kidogo." Nikashika. Akaiweka ile pana, akaupiga mpini nyundo moja ya nguvu. Kwa kulia.

Nati ikaachia.

Akaitoa feni na klachi yake, akaisimamisha ukutani, akanieleza kuwa hailazwi kwa sababu oili ya ndani huvuja. Baba mkwe akamwambia, "Ahsante, mwanangu."

Neno hilo nilidhani lina mtu mmoja.

Jumamosi, tarehe 8

Rejeta nimeibeba mwenyewe kwa bega langu lile zima hadi kwa fundi wa kuziba, na nikairudisha. Hakuna aliyeniamuru. Sikutaka baba mkwe ainue kitu kizito.

Redio akafunga klachi mpya, mimi nikishika uma tena. Mchana tukalipakia lori mchanga wa kulijaribu, likaupanda mlima wa kwenda shule likiwa na mzigo kamili. Mimi nilikaa katikati ya kiti, nikiukodolea macho mshale wa joto. Haukutikisika. Baba mkwe akaanza kuimba polepole. Sikujua kama huwa anaimba. Nilijikuta nimefurahi, na kwa muda sikumfikiria mtu yeyote vibaya.

Tuliporudi, Redio akamwambia Bosi mbele ya wote kuwa ugonjwa niliugundua mimi siku ya kwanza, na kuwa kushika puli ni nusu ya kazi. Furaha yangu ikaishia hapo. Kwa nini anataka nisifiwe? Mtu akikuinua juu, anapima utaangukia wapi.

Nikamweleza mke wangu. Akafikiri, akasema labda ni mtu mwema tu. Nikacheka mpaka bega likauma. Mke wangu huamini watu haraka sana. Ndivyo alivyoolewa na mimi.

Jumapili, tarehe 9

Baba mkwe alimwalika Redio chakula cha mchana. Redio akala, akasema, akala, akasema. Mama mkwe akamwongezea nyama mara mbili. Mimi niliongezewa mchuzi.

Alipoondoka, baba mkwe akaniita uani. Akaniambia hana kinyongo, lori linapakia kesho, ila mtu akipewa spana na jirani aseme ahsante. Nikaitikia, "Ndiyo, Baba." Yamekwisha kumfika huyu mzee. Amezungumziwa.

Jumatatu, tarehe 10

Lori limeondoka na saruji alfajiri. Mungu mkubwa. Bosi naye ameondoka kwenda kutibiwa macho, na funguo amemwachia Redio.

Mimi nimehamishiwa kwenye matairi, kule getini. Bosi alisema nikae mbali na rejeta kwa muda. Wengine wangeliona hilo adhabu. Mimi nimeielewa lugha yake: mtu mwenye macho mabovu anahitaji jicho getini.

Fundi wa matairi amenipokea kwa mikono miwili. Kanipa stuli yake, yeye akasimama. Kasema kwa muda mrefu alikuwa anaomba apate mwenzake. Akanionya niwe mwangalifu na jeki ya njano, hushuka yenyewe, nitumie ile nyekundu.

Nimekaa kwenye stuli, lakini kwa ukingo tu. Mtu hakupi kiti chake asubuhi yote hii bila sababu. Na mpaka sasa hakuna aliyenieleza kwa nini anataka niikwepe ile jeki ya njano.

Kesho naanza nayo.