Tobiti Ndani ya Kopi ya Walutheri

Moshono, Arusha
9 Agosti 1999

Ndugu Mratibu wa Tafsiri,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa ofisi yako haijaniheshimu.

Uliponiomba nisome rasimu ya Biblia kwa niaba ya Walutheri, ulinieleza kwamba faili la kompyuta ni moja kwa makanisa yote mawili. Marejeo ya Tobiti, Sira na Wamakabayo, vitabu vilivyomo katika Biblia ya Wakatoliki tu, yanawekewa alama ya kufungua na ya kufunga. Kompyuta inayachapa kwenye kopi ya Wakatoliki na kuyaficha kwenye yetu. Nikakubali. Sasa nalalamika.

1. Katika kopi yetu, pembeni ya Mwanzo 2:24, pameandikwa "Tobiti 8:6". Karani wako Fanuel alisahau alama. Nilipomuuliza alijibu, "Mzee, si ni rejeo moja tu?" Moja lilitosha.

2. Binti yangu Sia ameliona. Nilikuwa nimemkataza kuolewa na Aristides, Mkatoliki wa Kibosho, kwa hoja moja tu: hatusomi kitabu kimoja. Akaja na rasimu, kidole kwenye mstari. "Shikamoo Baba. Walutheri wenzako wanakutuma kwa Tobiti. Unaenda mwenyewe au nikusindikize?"

3. Nilikwenda. Kwa kuwa nyumbani kwetu Tobiti hayupo, niliazima Biblia kwa jirani Mkatoliki, Mama Evaresta, akaniuliza naanza mafundisho lini. Mstari wenyewe ni sala ya bwana na bibi arusi. Ni nzuri. Kwa hilo nalo nailaumu ofisi yako.

Naomba alama iwekwe leo hii. Na kama kompyuta yenu ina uwezo huo, Aristides naye awekewe alama ya kufungua mbele na ya kufunga nyuma, aonekane Kibosho, afichike Moshono. Mama yake vivyo hivyo. Wajukuu wakizaliwa, wachapwe Krismasi tu, kwa maana ya kompyuta, kwani sikukuu hiyo pande zote tunaikubali.

Wasalimie wafasiri wote, na Fanuel pia, asiyestahili.

Wako katika kusahihisha,

Elinami Sifael
Msomaji wa rasimu, upande wa Kilutheri

Tanbihi: Kabla Fanuel hajaficha chochote, anitolee Tobiti sura ya nane, mstari wa tano hadi wa nane, kwa herufi kubwa, macho yangu unayajua. Ndoa ni Jumamosi, na Sia ameomba somo hilo nilisome mimi.