Miezi Mitatu ya Meneja

Jumatatu, 3 Februari 2025. Tunduma.

Miaka arobaini na mmoja na siku kumi na tisa tangu niondoke kijijini kwetu, Ikinga. Nilikuja hapa mpakani kwa wiki mbili. Nikapata kazi kwa wakala wa forodha, nikavusha malori hadi nikastaafu. Shaba, saruji, matairi. Sasa nahamia Ubelgiji kwa binti yangu Brenda, na mzigo wangu wa mwisho ni mbwa mmoja, Meneja.

Chipu ya utambulisho anayo, chini ya ngozi. Chanjo ya kichaa cha mbwa anayo. Damu imepimwa, imefaulu. Bado wiki tatu tu kutimiza miezi mitatu ya kungoja tangu damu ichukuliwe, kisha cheti cha kusafiri. Zabron, wakala mwenzangu wa zamani, ambaye hajawahi kunizidi kitu isipokuwa kelele, anasema mbwa hapiti. Tutaona!

Alhamisi, 6 Februari.

Balaa. Kampuni inayosafirisha wanyama inataka tamko: tangu damu ichukuliwe, mbwa hajatoka nje ya nchi. Meneja huenda Zambia karibu kila asubuhi. Anavuka, anakula mifupa kwa muuza nyama wa Nakonde, saa nne amerudi. Tunduma nzima inajua.

Kudanganya? Hapana. Mtu wa forodha hadanganyi, anapanga nyaraka. Nimeketi kutwa nikamwandalia Meneja kumbukumbu kamili: safari sitini na nane, saa ya kutoka, saa ya kurudi, aina ya mzigo (mfupa). Zabron ametia saini kama shahidi, kwa soda mbili. Kazi safi! Nimempelekea Daktari Jenista wa mifugo.

Ijumaa, 7 Februari.

Daktari amesoma kurasa zote. Akanieleza, kwa heshima, kwamba hadi jana hakuwa na ushahidi wowote wa mbwa huyu kutoka nchini. Sasa anao, wa maandishi, wenye shahidi. Damu imechukuliwa upya. Miezi mitatu tena, tena mbali na Zambia.

Zabron amecheka hadi akaomba kiti.

Brenda kwenye simu akasema nije mwenyewe, mbwa abaki kwa jirani. Nimekataa. Tangu mama yake afariki, Meneja ndiye anayenifanya niamke. Bila yeye siendi.

Mbali na Zambia. Nina ndugu wapi mbali na Zambia? Ikinga.

Jumapili, 9 Februari. Ikinga.

Mdogo wangu Ambakisye amenipa chumba kilekile cha utotoni. Bati jipya, ukuta wa zamani. Nimelala vizuri kuliko nilivyotaka.

Kosa moja dogo: nilisahau kuwa ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Nimesahau jiografia ya nyumbani! Nimemshusha Meneja hadi mtoni kwa majaribio. Kagusa maji kwa mguu mmoja, akajificha nyuma yangu. Mwoga kamili. Ushindi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili.

Siku ya sitini na tano. Kila jioni Ambakisye na mkewe Ferista hutia saini kwamba mbwa ameonekana. Meneja amenenepa kwa viazi. Kanisani nimekalia benchi la baba. Wazee wakaniuliza nitajenga upande gani. Nikawaambia nangoja mbwa.

Jioni Ambakisye alitia saini, lakini hakunirudishia kalamu.

"Kaka, tulipomzika mama ulilala hapa siku moja. Kwa mbwa umekaa siku sitini na tano."

Nikamwambia kipindi kile kazi zilikuwa nyingi.

"Malori?"

"Malori."

Akanirudishia kalamu. Nikaandika tarehe.

Jumatano, 7 Mei. Tunduma.

Cheti! Saini ya Daktari Jenista, mhuri wa bluu, kila tarehe mahali pake. Meneja ni raia wa dunia. Zabron aliomba akisome, akatafuta kosa kwa robo saa, miwani ikiwa imeshuka puani. Hakupata. Amekiri kwamba mhuri umekaa vizuri. Kutoka kwa Zabron hiyo ni nishani.

Ijumaa, 9 Mei.

Kesho tunaondoka. Meneja ameshazoea kizimba chake cha safari, analala humo kama bosi.

Jambo jingine. Siku ya kuniaga kule Ikinga, Ferista alinipa paka mdogo, zawadi ya Brenda. Paka hana chipu, hana chanjo, hana damu iliyopimwa. Zabron ameuliza nitamwandikaje. Swali la mtu mwenye uzoefu mdogo! Cheti kinasema kilo ishirini na mbili. Meneja na paka kwa pamoja ni kilo ishirini na tatu. Tofauti ndogo ya mizani haimsumbui mtu, nimevusha saruji hivyo miaka yote. Paka atalala chini ya tumbo la Meneja. Hakuna atakayeuliza.

Ambakisye alinisindikiza hadi kwenye gari siku ile, begi langu kichwani mwake kama tulivyokuwa watoto. Akauliza nitakuja lini tena. Nikamwambia Krismasi.

Ikinga sitarudi.