Mlima Unazungukwa kwa Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti
Mimi ndiye kijana mzuri kuliko wote kutoka hapa Dolpo hadi mpaka wa Tibet. Hata mlima mtakatifu ukiniona hujifunika wingu kwa aibu. Choedon, binti ninayemtaka, ameshaliona hilo, tatizo ni baba yake. Mzee Yungdrung kasema atatazama nani anauzunguka mlima kwa heshima, mimi au Rigsal wa kijijini kwao. Huyo ndiye atakayepokewa pombe ya posa. Rigsal! Kichwa kama birika! Ugumu ni mmoja tu. Sisi kwetu tukizunguka, mlima tunauweka mkono wa kulia. Wao, watu wa dini ya Bon, wanauweka kushoto. Kazi gani hiyo? Mikono yote miwili ninayo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefanya mazoezi ya kuzunguka rundo la mavi ya yaki nyuma ya hema. Kushoto, kushoto, kushoto. Rigsal kapita, kaniuliza kama nimelichumbia. Nikamjibu afadhali hili, halina baba mkali. Mpango: kesho niondoke alfajiri, nimalize kabla ya Mzee na Rigsal, wanikute nimekaa nakunywa chai ya siagi kama lama, mtawa mwenye heshima.

Jumatano, 6 Agosti
Ukungu! Hata pua yangu siioni, na si pua ndogo. Nikatembea nikiimba dua kwa sauti. Ajabu, kila mtu alikuwa ananijia usoni. Nikawahurumia. Umati mzima umepotea njia!

Mara nikamkuta bibi kikongwe peke yake, magoti yanalia kama mlango. Kaanza jana, anazunguka kwa niaba ya marehemu mumewe, na amebakiza kidogo tu, mbwa wa kambini keshaanza kuwasikia. Nikamwambia bibi wee, umepotea, geuka. Akauliza, kweli mjukuu wangu? Nikasema kweli tupu, mimi nimesoma hadi darasa la nne. Akageuka, akanishika kiwiko.

Mchana ukungu ukapotea. Mbele yetu Mzee Yungdrung, Choedon na Rigsal! Mzee akapiga kelele: mama, mbona unarudi? Mama! Bibi akajibu kwa furaha kwamba kijana huyu mwema kamwokoa. Choedon akaniuliza taratibu, ewe Tenkyong, kushoto kwako ni wapi? Nikanyoosha mkono. Mlima ulikuwa upande wa pili.

Kwao ukirudi nyuma, baraka zote zinafumuka kama sweta. Bibi akakaa chini, akalia. Rigsal akambeba mgongoni, hao, wakaondoka.

Ijumaa, 8 Agosti
Bibi kamaliza mzunguko, mgongoni mwa Rigsal. Pombe ya posa imepokewa, harufu yake inanifikia hapa. Wote wananisema mimi. Ukungu hausemwi! Bibi kaniletea jibini, kasema dua naimba vizuri, ila watu nisiwaongoze tena. Nimemwambia nitalifikiria.

Nimelifikiria. Haya, nakiri, kuna jambo moja liliharibika kweli. Nilimgeuza bibi wa watu, kumbe wa kugeuzwa alikuwa Rigsal.