Kosa la Kucheka Saa ya Kazi

Siku ya kwanza, 4 Juni 1956. Baraka.

Ajenti wa Serikali ameshuka kutoka Fizi na karatasi yenye muhuri. Sheria mpya kwa mapatron wote, hata mimi mwenye kiwanda cha sabuni cha watu watatu! Zamani mtu akikosa, nilimfukuza kabla jasho halijamkauka. Sasa lazima niandike kosa, nimwite, nimsikilize. Naye alete mtu wa kusimama naye, yeyote anayemtaka. Tena anaweza kunishitaki mimi! Nilikasirika mpaka saa ya chakula. Halafu nikawaza: kumbe mtu akiitwa, lazima aseme. Vizuri sana!

Maana mwaka mzima nina swali moja. Kila nikikaribia kiwanda, Roger anasema neno, Norbert na Anatole wanashika mbavu. Nikiingia, kimya. Wanacheka nini?

Siku ya pili, 5 Juni.

Nimeandika kwa wino: “Roger, mpishi wa sabuni. Kosa: kucheka na kuchekesha saa ya kazi, sababu haijulikani kwa patron.” Nikamsomea, maana hajui kusoma. Akaniomba kwa adabu, ati, Muzee Bonaventure, kwa kuwa ni we unajua kalamu, uniandikie na mimi mashitaka yangu. Juu ya nani? Juu yako, Muzee.

Ningekataaje? Nilitaka kusikia! Akasema: patron anajificha nyuma ya ukuta wa matete kutusikiliza, tena anakohoa. Uongo! Sikohoi. Mahali pa “anajificha” nikaandika “anapita”. Akasema mkono wako umesimama upesi, Muzee, neno langu lilikuwa refu. Shetani huyu!

Siku ya tatu, 6 Juni.

Mke wangu, Mama Constance, amerudi sokoni na habari. Fabien wa Kazimia amefungua kiwanda cha sabuni, anamtaka Roger. Roger amejibu: nikishindwa shauri, napanda mashua ya siku ya posho, Jumamosi hii. Roger peke yake anajua kwa ulimi kama sabuni imeiva. Norbert akipika, unatoka uji. Mama Constance anasema chana hiyo karatasi leo hii. Nichane? Na kesho kwenye shauri ndipo nitajua wanacheka nini!

Siku ya ine, 7 Juni.

Shauri. Ajenti ameketi. Roger akaleta mtu wake wa kusimama naye: mke wangu! Nikapinga. Ajenti akasema sheria inasema yeyote.

Mama Constance akasema ananijua miaka thelathini na mmoja, hata nyumbani nasikiliza nyuma ya mlango. Akasema matete hayafiki chini, viatu vyangu vyote viwili vinaonekana, na Roger anasema tu: “Biatu bimefika!” Ajenti akacheka mpaka kofia ikaanguka. Saa ya kazi! Nani atamwandikia kosa yeye?

Imeandikwa: kosa la Roger limefutwa. Nikisikiliza tena nyuma ya matete, Roger yuko huru kuondoka siku hiyohiyo. Nimetia sahihi.

Siku ya posho, 9 Juni.

Jana amani. Sabuni ngumu, safi. Leo asubuhi, kicheko tena, kikubwa kuliko vyote! Na viatu nilikuwa nimevua! Basi ni kitu kingine. Karatasi inasema nyuma ya matete. Juu ya paa haisemi. Nikapanda kwa ngazi.

Naandika huku juu. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, “papai”, Roger akatoka, akatazama juu, akanisalimu vizuri, akaondoa ngazi. Kisha akaingia kuchukua sanduku lake.

Kutoka hapa naona ziwa mpaka rasi ya Ubwari. Naona mashua ya Kazimia. Roger anapanda. Nimeita: Roger! Roger, ngoja! Akageuka. Nikamuuliza papai lilifanya nini. Akapunga mkono tu.

Chini Norbert amewasha moto, anapika peke yake. Harufu mbaya sana. Nimeweka karatasi mpya juu ya goti.

“Norbert. Kosa: anajua, hasemi.”