Sare ya Kijani na Miaka Sabini ya Stesheni

Jumapili, 19 Oktoba 2025
Daftari, nisamehe. Mara ya mwisho nilipokuandikia mwanangu Leah hakuwa na meno. Sasa yameanza kung'oka. Kazi, mtoto, usingizi hakuna.

Lakini leo kuna habari. Stesheni ya televisheni ya hapa Minnesota inatimiza miaka sabini, na kwaya yetu ya Watanzania imealikwa kuimba. Ni kwa sababu ya Bibi Joan, ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee Burnsville. Enzi za picha nyeusi na nyeupe, yeye ndiye aliyekata mawingu ya karatasi na kuyabandika kwenye ramani ya hali ya hewa. Wamemwita kwenye sherehe. Kasema haji bila wasichana wake wanaoimba.

Mama ataangalia kwenye simu, kule Tukuyu. Miaka saba anaona uso wangu tu. Anaamini nimekonda na ninamficha. "Siku moja tu nikuone mzima, kichwa mpaka miguu," aliniambia. Ataniona!

Tatizo Pamela, mwenyekiti wa kwaya. Mwaka 2014 stesheni hiyo ilimwonyesha sekunde nne akisukuma gari kwenye theluji. Ukimsikiliza, historia ya stesheni ina sehemu mbili: kabla ya Pamela na baada ya Pamela. Safari hii zamu yangu.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimejipendekeza niwe msimamizi wa sare. Nimepata. Nimechagua kitenge cha kijani, kijani kabisa. Kijani kinamfanya Pamela aonekane ana malaria. Kipande chake nimekipunguza kidogo pia.

Nimemwonyesha Bibi Joan. Akashika kitambaa, akaanza maelezo marefu kuhusu ukuta wa stesheni na mashine. Nilikuwa natafuta soksi yake. Nikaitikia ndiyo bibi, ndiyo.

Leah kaomba chakula kwa Kiingereza. Nikamwambia sufuria yangu haisikii Kiingereza. Akaomba upya, vizuri kabisa. Nimemwongezea nyama.

Ijumaa, 7 Novemba
Pamela kapiga simu. Kitambaa hakikumtosha, atavaa gauni lake la njano. Nikamwambia pole dada, sare ni sare, basi utasimama pembeni kabisa. Ushindi!

Jumamosi, 8 Novemba
Aibu.

Saa tatu asubuhi, moja kwa moja hewani. Wametupanga mbele ya ukuta wa kijani, Bibi Joan kwenye kiti chake cha magurudumu na mawingu yake mapajani. Mtangazaji akasimulia historia ya ramani ya hali ya hewa: karatasi, halafu chaki, sasa kompyuta. Tukaanza kuimba. Nikatupa jicho kwenye skrini ya pembeni.

Hatukuwa na miili. Vichwa saba na mikono kumi na minne inaelea juu ya ramani ya Minnesota. Kifuani pangu mvua inanyesha mji wa Duluth. Na pembeni, mzima, nywele mpaka viatu, Pamela! Anang'aa kama kiini cha yai.

Fundi akanong'ona kwamba kompyuta inafuta chochote cha kijani na kuweka ramani. Bibi Joan alikuwa anacheka mpaka machozi. Alikuwa ameniambia, kumbe. Kisha akaniona uso. Akaacha kucheka, akanivuta karibu, akaanza kunibandikia mawingu yake meupe ya karatasi: tumboni, kiunoni huku, kiunoni kule, magotini. Kazi hajaisahau.

Mama alipiga kabla hatujafika kwenye gari. Alianza kwa kulia, kwamba wamenifanya nini.

"Lakini yale mawingu," akasema. "Nimekiona kiuno. Kumbe unakula, mwanangu."



Jumapili, 9 Novemba
Stesheni imetupenda. Wametuita tena Krismasi. Sare nasimamia mimi, na sasa nimepata akili. Anselm, Mtanzania mwenzetu, anakuja kutoka Dar tarehe tano Desemba na begi lake lina nafasi. Mama anitumie:

Mchele wa Kyela, kilo mbili, kwa ajili ya kiuno.
Uzi mweupe, vibunda vitatu.
Kitenge cha pinki, doti saba.
Kitenge cha kijani, kijani kabisa, doti moja. Hicho cha Pamela.