Wiki Niliyolikimbia Jina la Njaa

Jumatatu, 8 Oktoba 1923

Shajara yangu, leo sina amani.

Jana baada ya ibada mchungaji alisoma sheria mpya. Kila nyumba iwe na jina moja la ukoo, la kudumu. Mume, mke, watoto, wajukuu, mpaka jiwe la kaburi. Jumamosi hii afisa atakuja kwenye nyumba ya sala kuyaandika yote.

Kudumu! Sisi tangu lini tukawa na jina la kudumu? Huku bondeni jina ni la shamba, si la mtu. Unalivaa ukihamia, unaliacha ukihama. Marehemu baba aliitwa Olav Lien alipokaa Lien, akaitwa Olav Bakken alipohamia Bakken. Alifia hapa ninapokaa mimi, na akazikwa kwa jina la hapa.

Hapa ni Sveltihel. Maana yake Kufa-njaa.

Waliotangulia waliipa kashamba haka jina hilo kwa sababu ya mawe. Mimi binafsi sijawahi kulala na njaa hapa, viazi vya mwaka huu ni vikubwa kama ngumi. Lakini nani atauliza viazi? Watasoma jina.

Ningeyavumilia haya peke yangu. Ila kuna Sigrid.

Sigrid wa Solbakken, ng'ambo ya kijito. Mjane, mtengeneza jibini, mcha Mungu, mcheshi. Majira mawili ya baridi sasa nakunywa kahawa kwake. Jana nilijikaza nikamwomba awe mke wangu. Akasema ananipenda, asingependa kunificha. Lakini utotoni alilala njaa hasa, mdogo wake mmoja hakuamka. Akasema, "Torgeir, siwezi kuandikwa Njaa mpaka kaburini. Nisamehe."

Nikamwambia basi nitaandikwa Olsen, yaani mwana wa Olav, kwa jina la baba. Akatikisa kichwa. Marehemu mumewe, mlevi, naye alijiita Olsen kwa jina la baba, na chupa zake zilikuwa za Olsen. Hataki tena.

Mwishoni akasema bondeni yako majina mengine, na mengine hayako mbali. Akaniangalia sana. Jumamosi atakuwepo, asikie nitakalotaja.

Majina yasiyo mbali! Nimewaza usiku kucha. Shamba lililo karibu nami kuliko yote ni Gullberg, la mwenye ardhi yangu, Aslak. Mlima wa Dhahabu. Mwanamke huyu ana akili!

Dhambi siioni. Abramu akawa Ibrahimu. Simoni akawa Petro. Torgeir ni nani abaki Kufa-njaa?

Jumanne, 9 Oktoba

Mpango umeanza. Bwana asifiwe.

Hata kibarua akilala Gullberg, huitwa Gullberg. Ndiyo desturi. Kwa hiyo sihitaji kulinunua shamba. Nahitaji tu kuwa nalala pale siku ya Jumamosi afisa akiuliza.

Asubuhi nilijibanza nyuma ya zizi la farasi la Aslak nikakohoa. Nilikohoa kifarasi, kutoka tumboni. Aslak akatoka mbio na kijiko mkononi. Akanikuta nimesimama njiani kama mpita njia. Nikamwuliza kwa upole kama farasi wake jike anaumwa. Sikusema anaumwa. Niliuliza tu.

Akashika kichwa. Yule farasi anampenda kuliko kanisa. Nikajitolea kumwuguza. Akaniambia nilale chumba cha matandiko mpaka apone.

Nikahamisha kofia, blanketi na Biblia. Nilipitishwa sebuleni kunywa kahawa, nikaona kile kioo alichokileta kutoka mjini. Kikubwa kama mlango! Kimegeukia dirisha, kikarusha jua mpaka kwenye jiko. Nikajiona mzima, kutoka nywele hadi viatu. Nilikuwa na sura ya Gullberg kabisa.

Njiani nilikutana na Sigrid na kikapu cha jibini. Akauliza kwa nini nikalale na farasi wakati dari ya nyumba yake ni kavu, na paa lake linamhitaji mwanamume. Nikamwambia paa lingoje, nina jambo kubwa kwa ajili yake. Akasema, "Haya, Torgeir." Lakini alilisema hilo "haya" kama mtu anayefunga mlango.

Jumatano, 10 Oktoba

Tatizo. Farasi anakula kama askari. Ngozi inang'aa. Mgonjwa gani huyu? Nimempunguzia shayiri kidogo apungue uso, halafu dhamiri ikanichoma, nikamrudishia na ziada.

Lakini kuna baraka. Bibi Gro, mama yake Aslak, aliniletea uji wa malai akaniita "Torgeir wetu". Wetu! Moyo ukavimba. Nilipopeleka nafaka kinuni, msaga unga akauliza gunia ni la nani. Ulimi ukanitangulia. "La Torgeir Gullberg."

Lilikaa vizuri mdomoni. Nikalisema tena.

Sikumwona Embrik nyuma ya magunia. Embrik ndiye mpiga kengele. Anakaa chumba cha nyuma ya kanisa, kwa hiyo yeye ni Kirkevoll, Uwanja wa Kanisa, na anatembea kana kwamba alilijenga kanisa lenyewe. Kila siku ananisalimia, "Ndugu Njaa, leo umeshiba?" Safari hii hakusalimia. Alitabasamu tu, akachana nywele kwa vidole.

Kisha akaniambia, eti kama rafiki, kwamba Jumamosi amepania kumwomba Sigrid. Kirkevoll ni jina zuri kwa mwanamke, akasema. Halina njaa ndani.

Sikuweza kula. Mimi, wa uji wa malai, sikuweza kula!

Alhamisi, 11 Oktoba

Yamenikuta.

Aslak alisimama mlangoni mwa zizi, akaziba mwanga wote. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Akaniuliza kwanza farasi anakohoa mara ngapi kwa siku. Nikasema anaendelea vizuri. Akasema Embrik amemweleza kuna Gullberg mpya kinuni.

Nikamwambia desturi ni desturi, anayelala hapa ni wa hapa.

Akakubali! Ndipo nilipoogopa. Akasema sawa, desturi na tuifuate yote. Nikisema mimi ni wa Gullberg, basi nimehama Sveltihel. Msaga unga na Embrik ni mashahidi wawili. Nyumba ya Sveltihel iko wazi, na yeye ana kondoo wasio na pa kukaa baridi hii. Na kwa kuwa farasi ni mzima, kazi ya Gullberg imekwisha, nitoke.

"Babu yangu aling'oa mawe ya shamba hili kwa vidole," akasema. "Wewe ulitaka kulipata kwa kukohoa?"

Bibi Gro alinifungia mkate mkavu kwenye kitambaa, akaniambia, "Mwanangu, ungeomba tu." Sijui ningeomba nini.

Basi hivi ndivyo nilivyo, shajara. Si wa Gullberg. Si wa Sveltihel. Asiye na pa kukaa hana jina. Jumamosi afisa ataniita nami nitasimama pale kama nafasi tupu, na Embrik amechana nywele.

Nimefunga na kuomba. Ila ule mkate nimeula, ni wa zawadi.

Ijumaa, 12 Oktoba

Asubuhi nilikwenda kwa Aslak kuomba nirudishiwe Sveltihel. Mimi! Nililiomba lile jina kama mtu anavyoomba maji. Nilimwambia ni jina langu, baba alizikwa nalo. Aslak akasema kondoo wameshaingia, wamelipenda. Sasa wao ndio akina Sveltihel.

Nikakuta vitu vyangu vimewekwa nje kwenye umande. Sanduku, kitanda, sufuria, mbuzi.

Sigrid alikuwa ameshafika na mkokoteni. Sikumwita. Alipakia sanduku mwenyewe, akamwambia mbuzi apande, na mbuzi akapanda. Kwake vitu vilipata nafasi kana kwamba alikuwa amepima. Kitanda kikaenda darini. Sufuria ikakaa jikoni kando ya zake. Kofia yangu akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, msumari mpya, unang'aa.

Kulikuwa na giza ndani, na ilikuwa mchana. Hiyo ndiyo Solbakken. Jina maana yake Mteremko wa Jua, lakini mwezi huu jua hujificha nyuma ya mlima na haliigusi nyumba mpaka Februari. Akawasha taa, akamimina kahawa, akauliza kama naona baridi. Nikasema hapana. Akauliza kama kile kitanda kimekaa vizuri pale. Nikasema kwa muda huu kinafaa, na nikamshukuru kwa kunihifadhia mizigo.

"Mizigo," akasema.

Nikamweleza kwamba mjane na mseja hawawezi kulala chini ya paa moja, watu watasema, kwa hiyo nakwenda kulala kwenye kibanda cha kuni cha nyumba ya sala. Akaweka sufuria jikoni kwa kishindo hadi mbuzi akaruka. Wanawake na sufuria, sijawaelewa.

Nimeondoka kwa heshima zote. Nimesahau kofia.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Nyumba ya sala ilijaa mpaka mlangoni. Afisa alikaa mezani, mnene, mpole, ana mafua. Alimwita mmoja mmoja. Fulani mwana wa fulani, wa wapi? Mtu anataja shamba, anaandikwa, amefungwa nalo milele. Aslak alisema Gullberg kwa sauti ya kutikisa madirisha. Embrik alisema Kirkevoll, kisha akaenda kusimama karibu kabisa na Sigrid. Nywele zake zilikuwa na siagi, naapa. Akamnong'oneza kitu. Sigrid alikuwa ananitazama mimi.

Nilikuwa nimetunga jina. Nilipanga kusema Torgeir Tabor, la mlima mtakatifu. Nani angebisha Biblia?

"Torgeir, mwana wa Olav! Wa wapi?"

Nikafungua mdomo. Tabor haikutoka. Mbele yangu kulikuwa na msalaba ukutani, na mimi usiku nililala kwenye kuni. Mtu akakohoa kifarasi, kicheko kikapita safu za nyuma. Embrik akasema kwa sauti, "Ndugu Njaa leo hana hata njaa!"

Afisa akapenga kamasi, akanitazama kwa huruma. Akasema nje kuna barafu nami nimekuja kichwa wazi. Kofia yangu naitundika wapi?

Katika nyumba ya sala siwezi kusema uongo. Nje naweza kidogo. Nikasema iko kwa Mama Sigrid, Solbakken, kwenye msumari.

Kicheko kikakatika. Afisa akachovya kalamu. "Basi ni Solbakken."

Hapo, Mungu anisamehe, nikapiga kelele asiandike! Nikasema watu wasimdhanie vibaya mwanamke wa heshima, ile kofia ni mzigo tu, imehifadhiwa, mimi nalala kwenye kuni, wakague, nina vibanzi mgongoni!

Kalamu ikasimama hewani. Tone la wino likaning'inia. Niliona uso wa Sigrid ukiwa mwekundu, halafu mweupe. Embrik akanyoosha mgongo. Nilijua nimevunja kitu, ila sikujua ni kipi.

Sigrid akasimama.

"Torgeir," akasema, "mdomo wako umefanya kazi wiki nzima. Hebu uupumzishe."

Kisha akamgeukia afisa. Akasema tangu enzi za babu zetu, mwanamume akioa na kuhamia shamba la mke, huchukua jina la shamba hilo, na hakuna aliyewahi kucheka. Wako watano humu ndani, aliweza kuwataja. Yeye amengoja tangu Jumapili mtu mmoja aulize. Amemwonyesha paa, amemwonyesha dari. Ule msumari aliupigilia mwenyewe Jumatatu, na alijigonga kidole.

Akakinyanyua kidole. Kilikuwa cheusi.

Akaniuliza mbele ya wote, "Ile kofia ni mzigo, au imefika kwao?"

Shajara, nilikuwa na hotuba. Zote zilikimbia. Nikasema, "Imefika kwao, mama."

Tone likaanguka. Torgeir Solbakken. Aslak ndiye aliyecheka kwanza, halafu akanipiga bega nusura nianguke. Embrik alikwenda kupiga kengele ingawa haikuwa saa ya kengele.

Jumapili, 14 Oktoba

Tangazo letu la ndoa limesomwa. Solbakken na Solbakken. Nimelia kidogo, kiume.

Nimetafakari, na naona jinsi Bwana alivyoubariki mpango wangu. Nisingekohoa, nisingelala Gullberg. Nisingelala Gullberg, nisingefukuzwa. Nisingefukuzwa, kofia isingefika kwenye msumari. Kila hatua niliipanga, isipokuwa zile ambazo sikuzipanga.

Nilimweleza Sigrid hivyo. Akasema kuomba kungechukua muda mfupi zaidi. Sikutaka kubishana siku ya tangazo.

Kuna jambo moja tu linalonikera. Mlangoni mwa kanisa Embrik aliniuliza, "Mteremko wa Jua, hilo jua umeliweka mfukoni?" Watu wakacheka. Na kweli, ni miezi minne ya kivuli! Jina limeandikwa, la kudumu, na ni la uongo.

Sigrid anasema si la uongo. Anasema aliyekaa juani mwaka mzima asingehangaika kuiita nyumba jua. Februari, siku linaporudi, yeye huweka siagi dirishani na kukaa kuitazama mpaka iyeyuke, na mwaka huu ujao tutaitazama wawili. Akanishika mkono na kile kidole cheusi. Nilikaribia kuridhika.

Lakini Februari ni mbali, na jina ni langu sasa, nina wajibu nalo.

Nimekumbuka kile kioo cha sebuleni kwa Aslak. Kikubwa kama mlango. Kikisimamishwa juu ya ule mwamba unaopata jua, kitalirusha moja kwa moja mpaka dirishani kwetu. Nitakiazima tu, mpaka Februari, bila kumsumbua kwa kumwambia. Sigrid naye nisimwambie, iwe zawadi ya harusi.

Alhamisi Aslak huenda mjini. Mkokoteni upo. Tatizo ni Bibi Gro, habanduki sebuleni. Itabidi atoke mbio kwenda zizini.

Koo langu liko vizuri. Nimelijaribu sasa hivi, na mbuzi ameshtuka.