Kochi la Skramu

Jumatano, 9 Septemba

Nimeamua. Mechi ya mwisho ya kundi ya timu yetu ya taifa ya raga itaangaliwa karakanani kwangu, si kwa Kinyozi. Nitatumia akili zangu zote. Mama watoto anasema basi haitachukua muda mrefu.

Maelezo kwa atakayesoma haya nikishazikwa. Mimi ni fundi makochi. Zamani, kiwanda cha nguo kilipokuwa bado kinapiga king'ora asubuhi, nilicheza raga timu ya kiwanda. Propu wa kushoto, mstari wa mbele wa skramu, ule msukumano wa wanane kwa wanane, vichwa chini. Kinyozi alikuwa propu wa kulia. Katikati yetu, katushika mabega, Bucha. Nyuma yetu Mwalimu. Nyuma kabisa, akisukuma na kutukana, Nahodha. Kiwanda kilipofungwa nilitengeneza kochi la skramu: benchi tatu za sponji, moja nyuma ya nyingine. Mbele watu watatu, katikati wawili, nyuma watatu. Kila mtu anakaa pale alipocheza. Mashindano yote ya dunia tumeyaangalia juu yake. Sasa tumebaki watano. Nafasi za wale watatu hakuna anayezikalia, hata mgeni akiwa amesimama.

Mwaka huu Kinyozi kanunua televisheni pana kama mlango. Wote wakahamia kwake. Hata Nahodha! Na Nahodha, mechi zetu za kundi zikiisha, anahamia kwa binti yake, mji wa mbali, kwa sababu magoti yamekataa ngazi. Hii ndiyo mara ya mwisho kukaa naye. Nimwache aiage raga kwenye kibanda cha kunyolea, miguu ndani ya nywele za watu? Thubutu.

Ijumaa, 11 Septemba

Mjadala mkali kwa Kinyozi. Jumapili iliyopita, mechi ya kwanza, Majabali walitusaga bila huruma. Kundi letu lina timu nne, zinapita mbili. Nikasema sisi tutashika nafasi ya pili. Kinyozi, huku anamnyoa Mwalimu ndevu, akasema tutakuwa wa tatu, tena akaninyooshea wembe utadhani mimi ndiye niliyedondosha mpira. Mwalimu alikuwa na maoni lakini wembe ulikuwa shingoni mwake. Bucha akasema yeye yuko katikati. Yuko katikati tangu ujana.

Nahodha akasema enzi zetu hatukupiga hesabu za makundi, tulikuwa na tope tu. Kila mtu akalikumbuka lile tope. Mechi na timu ya bandari, mvua haionyeshi mbele, skramu karibu kabisa na mstari wao. Nahodha akasema "twende nyumbani", ndiyo ilikuwa ishara yetu, tukawasukuma wanaume wale mpaka nyuma ya mstari, naye akaulalia mpira. Trai. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa, bega la kulia linauma. Linauma vizuri.

Mkakati wa kwanza: nimewanong'oneza kila mmoja kwa wakati wake kwamba televisheni ya Kinyozi ina nuksi. Tumeiangalia mara moja, tumefungwa. Ushahidi gani tena?

Jumapili, 13 Septemba

Tumewafunga Visiwa. Kwenye televisheni ya nuksi. Trai juu ya trai.

Furaha ilinizidi nikataka kumkumbatia Kinyozi. Nikajizuia, nikamkumbatia Bucha. Kinyozi naye akamkumbatia Bucha upande wa pili. Tukajikuta tumesimama vilevile kama zamani, watatu, vichwa chini. Hakuna aliyekuwa wa kwanza kuachia.

Halafu Bucha akauharibu mchana. Aliuliza mbele za watu kama nuksi si mimi, maana ile siku ya Majabali nilikaa karibu na mlango na leo nimekaa dirishani.

Hesabu sasa ni hii: Jumamosi lazima tuwafunge Wakongwe, tena kwa trai nne, tupate pointi ya nyongeza. Bila pointi hiyo tunakuwa wa tatu na Kinyozi anakuwa mtabiri. Sijui lipi baya zaidi.

Jumanne, 15 Septemba

Mkakati wa pili. Huu ni wa kitaalamu.

Nimemwendea Kinyozi kwa upole. Nimemwambia viti vyake vimechoka, nitavishona upya bure, kwa heshima ya zamani. Akanitazama jinsi anavyotazama kichwa chenye mapunye. Kisha akasema haya, chukua. Viti vyote viko kwangu. Kimoja nimekimaliza, kizuri mno, hata mimi nimekionea wivu. Vilivyobaki nimevivua mpaka mbao na nitaviacha hivyo hivyo.

Jumamosi watakaa wapi? Sakafuni. Magoti ya Nahodha na sakafu hayasalimiani. Watakuja wenyewe, mmoja mmoja, kwenye kochi lao. Nimelala mchana usingizi wa mshindi.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimeumbuka.

Nilikwenda dukani kununua gundi. Narudi, karakana imekuwa kubwa ghafla. Kochi halipo! Kinyozi alikuja kumlilia mama watoto kwamba hana hata kigoda cha kumkalisha Nahodha. Naye, kwa ule moyo wake, akamwambia shemeji, chukua hilo likochi, limejaza nafasi tu humu. Hata kulibeba hawakulibeba. Mwezi uliopita mimi mwenyewe nilifunga magurudumu kwenye benchi zote ili pafagiwe chini. Walilisukuma barabarani mchana kweupe, watu wanashangilia.

Mama watoto anasema alidhani nitafurahi kwamba wenzangu watakaa vizuri. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akasema basi nguo zangu nifue mwenyewe.

Jumamosi, 19 Septemba

Asubuhi niligoma. Si chuki, ni msimamo. Nikawasha televisheni yangu ndogo, ile tuliyopewa siku ya harusi, nikakaa peke yangu kwenye kiti kile kizuri cha Kinyozi, nimezungukwa na mifupa ya viti vingine. Nikajiambia pako tulivu. Palikuwa tulivu mno.

Bucha akaja anahema. Nahodha kasema skramu haifungwi bila propu wa kushoto, na televisheni haitawashwa mpaka nifike. Nikakataa. Nikakataa tena huku natafuta viatu.

Kwa Kinyozi benchi zilikuwa zimepangwa sawasawa. Nikakaa kushoto, Bucha katikati, Kinyozi kulia, magoti yetu karibu yaguse televisheni. Mwalimu nyuma yetu. Nahodha nyuma yake. Nikasikia mkono wake unanipiga mgongoni juu ya bega la Mwalimu, mara moja, kama zamani kabla ya filimbi, kuhakikisha nipo. Machozi yakanitoka. Nikasingizia poda ya Kinyozi.

Mechi! Trai ya kwanza, ya pili, Wakongwe wakarudisha, ya tatu yetu. Tunaongoza, lakini tatu si nne. Kinyozi akaanza kunitajia nafasi ya tatu polepole, kama mtu anayepaka mafuta. Dakika za mwisho, mwamuzi akatupa skramu karibu kabisa na mstari wao. Kwenye televisheni mvua ilikuwa imeanza.

Nyuma nikasikia sauti ya Nahodha, chini kabisa: twende nyumbani.

Hatukuwaza. Mikono ilijifunga yenyewe. Mwalimu akaweka bega, Nahodha akaweka yale magoti yake yasiyopanda ngazi, wote wakasukuma. Skramu nzuri, imenyooka, ya wazee watano na nafasi tatu tupu. Na ile benchi ya mbele, yenye magurudumu mapya niliyoyapaka grisi kwa mkono wangu, ikaondoka nasi. Niliiona televisheni inakuja. Bucha akapiga kelele. Mimi na Kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe, tulikubaliana jambo: tukafumba macho.

Ilianguka chali. Kimya. Giza.

Kisha Mwalimu akauliza imeingia au haikuingia. Hakuna aliyejua! Nikakumbuka kwamba yangu ndogo sikuizima. Tukambeba Nahodha juu juu, tukatoka mbio, mbio zetu hizi za leo, mpaka karakanani. Nahodha tukamweka kwenye kiti kizuri, sisi wengine juu ya mbao tupu, na misumari. Kufika, wachezaji wanapeana mikono. Mtangazaji akasema tumeshinda, lakini skramu ile iliporomoka mita moja kabla ya mstari. Trai tatu. Wa tatu kwenye kundi.

Nikasema wazi: iliporomoka kwa sababu sisi tuligonga televisheni. Kinyozi, ambaye alikuwa na haki ya kunicheka, akasema hata yeye anaona hivyo. Nahodha alicheka mpaka akashika mbavu, na alipomaliza kucheka alikuwa analia, na hakusingizia poda. Alisema hii ndiyo skramu aliyokuwa anaitaka. Tukakaa pale mpaka mama watoto akaleta chai. Karakanani kwangu. Naandika tena: karakanani kwangu.

Jumatatu, 21 Septemba

Nahodha kaondoka. Binti yake alikuja na gari la mizigo. Kile kiti kizuri Kinyozi kampa, mbao zake, sponji yangu. Jana nilishinda nakipitia upya. Tulipoagana, mzee alitushika mabega, mimi na Kinyozi, akatukaza na Bucha katikati, akasema msiachie. Roho iliniuma sana. Kila kona ya mtaa huu nimewahi kupita nyuma ya sauti yake.

Lakini mimi si mtu wa kulia tu. Chini ya kile kiti kuna springi moja sikuifunga. Wiki mbili, tatu, itamchoma. Fundi wa kwao hataiweza, nimeizungusha kwa njia yangu. Atakuja mwenyewe, na kiti chake, na miaka minne ikipita tutakaa karakanani kwangu.

Gari lilipogeuka nikaona nywele za Nahodha. Upande mmoja zimekatwa safi, upande wa pili zimefunika sikio. Nikamtazama Kinyozi. Akainama, akaninong'oneza kwamba alimwambia mashine imepata moto, arudi mwezi ujao amalizie.

Nimecheka njia nzima. Mpumbavu yule! Vinyozi wamejaa kila mji. Mikakati inataka akili.

Simu nimeiweka hapa karibu. Haijalia bado, lakini ni mapema, hawajafika hata nusu ya njia.